Zamu ya Saa Tisa Usiku

Kwa miaka mingi ushirika wetu ulisifika kwa mikutano ya injili. Tulikodi jenereta na spika, tukaalika kwaya za jirani, mhubiri akatoka mjini, na jioni ya mwisho watu wakamiminika mbele kuombewa. Karani aliandika majina, mchungaji akayasoma Jumapili, kanisa zima likapiga vigelegele. Baada ya miezi mitatu ukiwatafuta wale watu unawakuta palepale walipokuwa. Wa kilabuni yuko kilabuni, wa kwa mganga amerudi kwa mganga, na wachache wamehamia kanisa lingine ambako kuna mtu anayewajua kwa majina. Tulipanda sana, palizi hatukuwa nayo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa katika ushirika mmoja wa Moravian, kwenye miinuko ya Mkoa wa Mbeya, huku kwenye migomba, chai na mvua isiyojua kukatika. Wageni wanaofika kwetu huniuliza tunafanyaje mpaka maombi yetu ya zamu hayafi, maana ya kwao yalianza na moto mkali yakazimika kabla ya Pasaka. Huwa wanategemea niwasimulie habari za upako. Ninawasimulia habari za ratiba, na ninaona wanavyokata tamaa.

Zamu hatukuibuni sisi. Kila mtoto wa kipaimara wa Kimoravian anafundishwa habari za Herrnhut, kijiji cha Saxony huko Ujerumani, ambako wakimbizi wa imani kutoka Moravia na Bohemia walianza kupokelewa mwaka 1722 kwenye ardhi ya kabaila mmoja aliyeitwa Zinzendorf. Mwezi Agosti 1727 wanaume 24 na wanawake 24 walipatana kugawana saa za mchana na usiku, kila mmoja na saa yake ya kuomba, ili madhabahu isikae bila mtu. Mpango huo ulidumu zaidi ya miaka 100. Kutoka kijiji hicho kidogo Leonhard Dober na David Nitschmann walitumwa mwaka 1732 kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, na mwaka 1891 wamisionari wa kanisa hilohilo wakafika Rungwe, huku kwetu Mbeya. Leo Wamoravian wa Tanzania ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani. Watoto wanaipenda habari hii, wanaikariri, na kwenye mtihani wanaipata.

Kuna kipande tunachokiruka darasani, nami naona ndicho chenye uzito. Kabla ya hiyo Agosti, watu wa Herrnhut walikuwa wakigombana kwelikweli. Waligombania mafundisho, wakagombania nani awe mchungaji wa nani, hata mmoja wao akafika mahali pa kumwita Zinzendorf mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Zinzendorf akahamia katikati yao, akaingia nyumba kwa nyumba, akakaa nao, akasikiliza. Tarehe 12 Mei 1727 wakakubaliana kwa maandishi namna ya kuishi pamoja. Tarehe 13 Agosti wakashiriki meza ya Bwana wakiwa wamepatana, na watu wakatoka pale wakilia. Zamu za maombi zilikuja baada ya hayo yote, si kabla.

Kwetu ilikuwa hivyohivyo, kwa kiwango chetu. Wazo la zamu lilipoletwa kwenye baraza la wazee, sote tulikuwa tayari kuanza wiki ileile. Mzee mmoja, mtu wa maneno machache, akasema, "Hamtaombeana huku hamsalimiani. Kwanza malizeni habari ya kinanda." Kinanda kilikuwa kimenunuliwa kwa mchango wa kwaya mbili, kila moja ikakiita chake, na mama wawili viongozi walikuwa wakipishana mlangoni mwa kanisa kama watu wasiojuana. Tulimwona mzee anatuchelewesha. Tukakaa, tukasikilizana, tukarudiana tena, mvua za masika zikaanza na kuisha. Siku walipopeana mikono hakuna aliyepiga vigelegele. Walipeana mikono tu, wakaenda kuchambua mboga za msiba uliokuwepo siku hiyo.

Baada ya hapo ndipo tukachora ratiba. Inaanza Alhamisi saa kumi na mbili jioni na kuishia Ijumaa saa kumi na mbili jioni, kila saa na wenye zamu wake, kila mtu nyumbani kwake. Ukimaliza saa yako unambipu anayekufuata, naye akishaamka anakubipu. Ndiyo kengele yetu hiyo, na haina gharama. Asiporudisha bipu unaendelea kuomba, na huruhusiwi kumsema Jumapili. Saa za jioni ziligombaniwa. Za usiku wa manane zilibaki na watu wa aina mbili, wenye usingizi mwepesi na wenye shida nzito.

Saa moja ya usiku ukiwa peke yako ni ndefu mno. Dakika kumi za kwanza unamaliza maneno yote unayoyajua: umeshukuru, umetubu, umekemea, umewaombea watoto, wachungaji, Rais na wagonjwa hospitalini. Halafu unatazama simu. Watu wazima waliookoka siku nyingi, waliozoea kuongoza maombi ya sauti kubwa mbele ya kanisa, walikuja kuniambia faraghani kwamba hawawezi. Hapo tukagundua kwamba wengi wetu hatukuwahi kufundishwa kuomba. Tulifundishwa kusikika.

Kwa hiyo zamu za usiku tukazifanya za watu wawili wawili, mmoja mkongwe na mmoja mgeni katika imani, hasa wale wa majina yaliyosomwa Jumapili. Kusema kweli hatukulipanga kama somo la uanafunzi. Lilikuwa suluhisho la usingizi.

Bibi mmoja aliomba apewe saa tisa usiku. "Mimi usingizi ulishanikimbia," alisema. "Nipeni hiyo saa, nimechoka kuhesabu popo." Nyumba ya pili kutoka kwake alikuwa amepanga kijana wa bodaboda, mmoja wa waliopita mbele kwenye mkutano wa injili, naye hurudi usiku. Tukawaweka pamoja. Bibi ana mtoto wa jicho, kusoma hawezi. Kijana aliishia darasa la saba, na Biblia aliyopewa siku ya kuokoka ilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Nilikwenda kukaa nao usiku mmoja. Bibi alikuwa kwenye kiti cha kigoda, amejifunga vitenge viwili na koti la marehemu mume wake juu yake. Kijana alikuwa amechuchumaa karibu na jiko, tochi ya simu mkononi, akisoma Zaburi kwa kuokota silabi moja moja. Alipokosea bibi alimrekebisha bila kufungua macho, kwa sababu anazijua kwa Kinyakyusa tangu utoto. Zaburi ikiisha, bibi anaanza kuomba, na anaomba kwa njia. Anaanzia nyumba iliyo chini kabisa kwenye kijito, anapanda kilima nyumba kwa nyumba, kila nyumba na haja yake: huyu mguu, huyu deni la mbolea, huyu binti aliyeacha shule, hawa wawili hawaongei. Mahali asipojua shida anasema, "Bwana, hapa wewe ndiye mwenyeji," anapita. Wakifika kileleni saa imekwisha. Kijana anabipu, bibi anamwambia "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kila mtu anakwenda kulala.

Hakuna siku bibi yule alimfundisha kijana somo lenye kichwa cha habari. Lakini baada ya msimu mmoja yule kijana aliniambia, "Mwalimu, siku hizi nikipita na pikipiki najua kila nyumba bibi anaiombea nini. Sasa nitamtozaje hela yule mwenye mguu?" Hakumtoza tena. Akaanza kumpeleka kliniki. Akaanza pia kuuliza maswali magumu, kwa mfano kwa nini nyumba fulani inaombewa kila wiki na hakuna mzee wa kanisa anayefika. Alituudhi kidogo. Kusoma nako kukanyooka, mpaka akawekwa kwenye zamu ya kusoma neno ibadani. Alipohamia Tunduma kutafuta maisha, nilidhani zamu yao imekufa. Bibi akaendelea kumbipu saa tisa kila usiku wa Alhamisi. Kijana anapiga, anamsomea zaburi kwa simu, wanapanda kilima.

Nimeshaendesha madarasa ya waongofu yenye vitabu na cheti. Sina ugomvi nayo. Lakini sijaona mtu aliyekomaa kwa darasa peke yake, na nimewaona kadhaa waliokomaa kwa kukaa kwenye saa moja na mtu anayemjua Mungu na kuwajua jirani zake.

Daftari la maombi ninalitunza mimi. Ni kaunta buku la kawaida lenye safu nne: tarehe, jina, haja, na jibu. Daftari hili nusura lituue. Ombi la maombi ni mlango mpana sana wa umbea, na watu wa kanisa tunaupita tukiwa tumeinamisha vichwa. "Tumkumbuke dada fulani kwenye maombi, maana kwa yale niliyoyasikia..." Baada ya sentensi hiyo hata ukisema Amina, habari imeshafika sokoni. Mama mmoja alikuta mambo ya nyumba yake yanaombewa kwa undani na watu ambao hakuwahi kuwaambia, akaacha kuja kanisani. Tangu hapo haja haiandikwi mpaka mwenyewe aitamke kwa kinywa chake, na anachosema ndicho kinachoandikwa, bila nyongeza. Akisema "nina jambo," tunaandika "ana jambo." Mungu halazimiki kusubiri maelezo yetu. Mama yule alirudi, lakini ilimchukua muda, na simlaumu.

Safu ya jibu nayo ilileta mjadala. Vijana walitaka tuiondoe kwa sababu nafasi tupu zinavunja moyo. Kuna mama ambaye haja yake tangu mwanzo ni mume wake aache kimpumu, pombe yetu ya kienyeji. Kila tunapopitia daftari namuuliza, naye ananiambia, "Andika bado." Ukurasa wake umejaa bado kutoka juu hadi chini. Nilikuwa upande wa kuiacha safu ibaki, na ikabaki. Mtume Paulo alimsihi Bwana mara tatu juu ya mwiba wake na jibu alilopata halikuwa alilotaka, na bado likaandikwa kwenye Biblia watu wote wasome. Kanisa linaloonyesha shuhuda peke yake linawafundisha watu kudanganya. Mume yule hajaacha. Siku hizi mama anakuja na mtoto wake mkubwa kwenye zamu, na anasema hasira zake mwenyewe zimepungua. Hilo hakuniruhusu kuliandika kwenye safu ya jibu, eti sicho alichoomba.

Na sasa nifike kwa mjane, maana yeye ndiye aliyetufanya tuisome upya Luka 18.

Sote tunaujua ule mfano ambao Yesu aliutoa kuonyesha ya kwamba imewapasa watu kumwomba Mungu sikuzote, wala wasikate tamaa. Tulikuwa tumeusikia ukihubiriwa kwenye mikesha kama mfano wa kupata: kazi, mchumba, gari. Mjane wa kwenye mfano hakuomba gari. Alikuwa na kesi. Alikuwa "akimwendea-endea" kadhi, yaani hakimu, akisema, "Nipatie haki na adui wangu." Kwetu adui alikuwa shemeji. Mume alipofariki, shemeji alipima shamba la migomba kwa hatua, akamwachia mjane mistari michache nyuma ya choo na kumwambia kwamba kwa desturi ardhi ni ya ukoo na yeye ni mgeni. Mama akaja kwangu, akasema niandike: "Shamba la watoto wangu."

Tukaomba. Wiki zikapita, zamu baada ya zamu, na shemeji akazidi kukata ndizi. Ni yule kijana wa bodaboda, kabla hajaondoka, aliyeuliza kwenye kikao cha waombaji, "Huyu wa kwenye Biblia si alikuwa anakwenda kwa kadhi kila siku? Huyu wetu ameshakwenda wapi?" Kukawa kimya. Mjane hakuwa amekwenda popote, kwa sababu hakuwa na nauli wala mtu wa kusimama naye, na sisi tulikuwa tumejaa imani majumbani mwetu.

Mmoja wa wazee wetu ni mstaafu wa serikali anayependa kusoma sheria kuliko magazeti. Akatusomea Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, kinachosema desturi yoyote inayowanyima wanawake haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Mama alilia aliposikia kwamba jambo lake limeandikwa. Akafungua shauri, kwanza ngazi ya kata kwa ajili ya usuluhishi, baadaye juu zaidi. Mara shemeji hakufika, mara shahidi anaumwa, mara tarehe nyingine. Yeyote aliyewahi kuwa na kesi ya ardhi anajua. Kila tarehe iliyopangwa walikwenda naye watu wawili kutoka kwenye ratiba ya maombi, mmoja wao mzee wa kanisa, na wenye zamu ya usiku uliotangulia walijua kesho yake nani anasafiri. Hatukupiga kelele mahali pale wala kukemea mtu. Tulikaa kwenye benchi. Tulileta vitafunwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kimetokea ndani yetu. Watu ambao kabla ya zamu walikuwa wanachoka na jambo baada ya Jumapili mbili, walikuwa wamezoea kurudi kwenye haja ileile kila wiki bila kuona matokeo. Kuahirishwa hakukuwashangaza. Shemeji alikuwa akitegemea mama atachoka, na kwa kawaida angekuwa sahihi, maana wajane wengi huchoka. Mwishowe ni yeye aliyechoka. Akaomba yaishe nje, ukoo ukakaa mbele ya viongozi, na mama akarudishiwa sehemu kubwa ya shamba kwa maandishi yenye saini. Si lote. Aliporudi na karatasi, baadhi yetu tuliisoma mara mbili tukitafuta kasoro, kama wale waumini wa Matendo 12 waliokuwa wakimwombea Petro, na Petro alipobisha hodi wakamwambia Roda ana wazimu. Kwenye safu ya jibu mama alitaka niandike "nusu na robo." Nikaandika.

Nina neno juu ya wale wanaouza maombi, halafu nitawaacha. Waumini wetu wanapata ujumbe kwenye simu: mtumishi ameona jina lako, tuma sadaka ya mbegu, tuma na ya kutolea. Wanatumiwa chupa za mafuta na maji. Wanaoelekea huko mara nyingi ni wale ambao haja yao ina bado nyingi, na siwezi kuwacheka, kwa sababu yule mtumishi angalau amewatajia jina. Kitu kilichowarudisha baadhi yao kwetu ni kuona kwamba haja yao ikiandikwa kwenye daftari, kuna mtu atakayeamka usiku kwa ajili yake bure, na asubuhi mtu huyohuyo ataulizia nauli ya kwenda hospitali. Mtoto wa familia moja alipougua, tulimwombea usiku kucha, na hela za kumpeleka Mbeya zilipatikana kwa kuuza mikungu ya ndizi kwenye mnada baada ya ibada. Mkungu mmoja ulinadiwa mara nne, kila aliyeununua akaurudisha. Maombi yasiyogusa mfuko wangu nimeanza kuyatilia shaka, yangu kwanza.

Jambo lililo mezani kwetu sasa ni watoto wa kipaimara. Wameandika barua kwenye baraza la wazee, yenye mwandiko mzuri na saini zote, wakiomba wapewe saa kwenye ratiba. Baadhi ya wazee wanapinga. Wanasema ni wadogo, watasinzia darasani, na mambo mengine ya kwenye daftari si ya masikio yao. Hoja ya tatu naiheshimu. Kwa hizo mbili niliwakumbusha kwamba Agosti ileile ya 1727 uamsho wa Herrnhut uliwashika watoto pia, na binti mmoja wa miaka 11, Susanna Kühnel, alikuwa mbele yao. Mzee wetu mstaafu akasema Susanna hakuwa na mtihani wa taifa. Tulicheka, kisha tukabishana mpaka taa ya sola ikaisha chaji.

Tumeafikiana hivi: watapewa saa kumi na moja alfajiri, wawili wawili, kila jozi na mtu mzima nyumba ya karibu, kwa ruhusa ya wazazi iliyoandikwa. Hawatapewa daftari. Watapewa njia ya bibi, kutoka kijitoni hadi kileleni, na kila mtoto atatakiwa kwanza aipite mchana kwa miguu, abishe hodi kila nyumba na kuwauliza wenyeji wenyewe wanataka waombewe nini. Bibi amesema atakwenda nao mpaka pale magoti yatakapokataa.